Mwacheni Anakili

Katika nchi hizi za Afrika Mashariki imejengeka imani moja juu ya sanaa ya uchoraji, nayo hukaririwa na watu wasiokumbuka waliitoa wapi: kwamba kuiga ni dhambi. Mwalimu akimwona mwanafunzi ameinamia picha ya mchoraji wa kale, akiifuatisha mstari kwa mstari, humwambia aiweke kando achore "kitu chake". Mhakiki akitaka kuivunja hadhi kazi ya mtu, hutosheka kusema kwamba ameiga. Neno hilo likisha kutamkwa, kesi imekwisha. Hakuna aombaye ushahidi, wala aulizaye: ameiga nini, kwa nia gani, na amejifunza nini?

Makala haya yanaipinga imani hiyo. Kunakili kazi kubwa ya kale, kwa mkono, kwa subira na kwa uaminifu, ni mojawapo ya shule kongwe za uchoraji wa rangi za mafuta, na ndiyo shule pekee inayoweza kumfikia mtoto aliye mbali na vyuo. Wanaoifunga shule hiyo kwa jina la uasilia hawamlindi mtoto huyo. Wanamnyima mwalimu, kisha wanamlaumu kwa kutokujua.

Na uchukuliwe mfano wa Machochwe. Hiyo ni kata ya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, katika nchi ya Wakurya, nchi ya ng'ombe, mahindi na ulezi, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kijana wa huko akishikwa na hamu ya kuchora kwa rangi za mafuta, hana jumba la picha la kuingia Jumapili jioni. Akienda dukani akaulizia rangi ya mafuta, ataonyeshwa mkebe wa kupakia milango na madirisha. Na muuzaji hatakuwa amekosea, maana hivyo ndivyo maneno hayo yanavyofahamika katika Kiswahili cha kila siku. Picha za kale zinazojulikana upande huo ni zile za ngao walizozichora Wamasai katika majabali ya Moru, nazo zimo ndani ya hifadhi, si mahali pa mtu kujiendea na brashi yake. Alicho nacho ni macho, mkono, na labda picha moja ya kazi ya kale iliyochapwa kitabuni, au inayoonekana katika simu ya jamaa yake. Mtu huyo akiambiwa "usiige", ameambiwa nini hasa? Ameambiwa: usisome.

Wanaolitetea katazo hilo hupenda kulivika vazi la Uafrika. Husema kwamba kufuatisha picha za Ulaya ni utumwa wa akili, na kwamba mchoraji wa Kiafrika hana budi kuchota katika kisima chake mwenyewe. Ni maneno matamu, lakini historia yake haipendezi sana ikichunguzwa, kwa kuwa katazo lenyewe lililetwa na Wazungu.

Huko Makerere, Bibi Margaret Trowell alianza madarasa yake ya sanaa mnamo 1937 na akayaongoza hadi 1958. Njia yake ilikuwa kuwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, nao wachore wanachokiona akilini, ili jicho lao lisitekwe na mifano ya kigeni. Huko Lubumbashi, wakati mji huo ukiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake mnamo 1946, wakachorea humo akina Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Yeye naye alitaka wachoraji wake wasiguswe na mafunzo ya Ulaya, wabaki na ndege wao, samaki wao na majani yao. Haki itendeke: wote wawili waliwapenda wanafunzi wao, na kazi nzuri zilitoka mikononi mwa wanafunzi hao. Sam Ntiro, Mchaga aliyepita Makerere, alifika mbali hata picha yake ikanunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Lakini Ntiro hakuishia kwenye kusimuliwa. Alikwenda kusoma zaidi Slade, London. Na Bibi Trowell mwenyewe alisoma Slade, katika mji wenye jumba la picha ambamo wanafunzi wa sanaa waliingia na turubai zao kunakili tangu karne ya 19. Mlango alioukuta wazi katika mji aliosomea, aliurudisha alipofika Kampala. Akadhani anawahifadhi waliokuwa nje.

Baadaye wenyeji waliupokea wosia huo na kuufanya wao. Mzee Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu na mwanafunzi wa Makerere, aliyeanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mnamo 1965, anajulikana kwa kaulimbiu yake kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Heshima yake haina shaka, na kaulimbiu hiyo imewatia ari wengi. Hata hivyo, na itazamwe kazi yake kubwa, zile picha za ukutani za kanisa la Murang'a alizozichora mnamo 1959. Zinasimulia maisha ya Kristo hadi kusulubiwa kwake, katika ardhi ya mlimani na miongoni mwa watu weusi. Mpangilio wa masimulizi hayo ulikwisha kuchorwa na vizazi vya wachoraji kabla hajazaliwa. Aliupokea, akauhamisha, akaupanda katika udongo mwingine, ukachipua. Mungu hakulala hata kidogo.

Kuna dhuluma nyingine iliyojificha humo. Mnamo 1907 Pablo Picasso alikwenda katika jumba la Trocadéro, Paris, akaona vinyago na sanamu za Afrika, akavichukua kwa macho na kwa mkono hata vikaingia katika picha zake. Ulimwengu haukusema kwamba ameiga. Ulisema kwamba amefungua karne mpya. Basi mchoraji wa Paris ana ruhusa ya kuchota Afrika, bali mchoraji wa Machochwe akichota Paris amepoteza asili yake. Huo si ulinzi wa utamaduni. Ni mpaka unaovukwa na upande mmoja tu.

Na hao wa Ulaya walijifunzaje? Jumba la Louvre lilipofunguliwa kwa umma mnamo 1793, wachoraji walikuwa miongoni mwa wageni wake wa kwanza, nao waliingia kunakili. Na hadi leo wanakili hupewa vibali humo, kwa sharti kwamba turubai yao isilingane ukubwa na picha wanayoifuatisha. Rubens, akiwa mtu mzima mwenye jina kubwa, alikaa Madrid mnamo 1628 na 1629 akinakili picha za Titian kana kwamba ndiyo kwanza ameshika brashi. Manet alinakili picha ya Delacroix. Van Gogh, ambaye kwa sehemu kubwa alijifundisha mwenyewe, alipokuwa hospitalini Saint-Rémy mnamo 1889 na 1890, alichora picha zaidi ya 20 kwa kumfuata Millet. Hakuwa na picha zenyewe mbele yake; alikuwa na chapa zisizo na rangi, nyeusi na nyeupe, hali ambayo kijana wa Machochwe angeielewa vyema. Katika barua kwa ndugu yake alieleza kwamba kazi hiyo ilikuwa karibu na kufasiri, kuitia picha ya weusi na weupe katika lugha nyingine, lugha ya rangi.

Kufasiri! Hapo msomaji wa mwambao anapaswa kuinua kichwa, kwa maana jambo hili analijua kutoka nyumbani. Neno lenyewe "kunakili" limetokana na Kiarabu, na asili yake ni kuhamisha, kuondoa kitu hapa na kukipeleka pale. Si neno la wizi. Aibu ina neno lake, nalo ni "kughushi": kutoa kitu cha uongo na kukiita cha kweli. Lugha imekwisha kuyatenga mambo haya mawili. Ni uvivu wa wasemaji unaoyachanganya.

Mwandishi wa khati hufundishwa kwa kufuatisha herufi za mwalimu wake, alifu baada ya alifu, hata mkono ukubali, na mwisho wa njia hupewa ijaza ya kutia jina lake. Mtoto wa chuoni hakuambiwa abuni alfabeti yake. Fundi wa milango ya Unguja na Lamu alikaa chini ya fundi mwingine akirudia ua lilelile na mnyororo uleule. Fundi wa jahazi hakuanza kwa jahazi lisilo na mfano.

Na ushairi je? Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtungaji wa Al-Inkishafi, ndiye anayenasibishwa na takhmisi ya Liyongo. Takhmisi ni nini ila kuchukua beti za mwenzio, ukaongeza mishororo yako mitatu juu ya miwili yake, sauti yako ikajifunza kutembea ndani ya sauti yake hata zikawa tano zisizogombana? Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mnamo 1945, alikuwa mshairi, mchongaji na mwandishi wa khati, na sehemu kubwa ya kazi ya maisha yake ilikuwa kunakili tenzi na mashairi ya wengine. Wasomi kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walizipata tenzi kwa mkono wake, na nakala zake kadhaa zimo hadi leo katika maktaba ya SOAS, London. Mchwa, unyevu na moto vimekula miswada mingi ya mwambao. Mingi ya iliyosalimika, imesalimika kwa sababu mtu fulani aliketi akanakili. Je, Kijuma alikuwa mwizi? Hasha! Alikuwa mlinzi, naye kwa kulinda akawa fundi.

Wala asidhani mtu kwamba hili ni jambo la pwani peke yake, lisilowahusu watu wa bara. Mkoa wa Mara wenyewe umetoa mfano mkubwa. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Juliasi Kaizari, iliyotoka mnamo 1963, akaitoa upya mnamo 1969, mwaka uleule ilipotoka Mabepari wa Venisi. Alikuwa mkuu wa nchi, akiwa na kazi zisizohesabika, na bado aliona inafaa kukaa usiku na maneno ya Mwingereza wa kale, akiyafuata mstari kwa mstari. Hakuna mtu aliyesema kwamba Mwalimu amepoteza Uafrika wake. Kilichotokea ni kwamba Kiswahili kilipimwa kwa mzigo mzito, kikaubeba. Na miaka mingi baadaye mkono huohuo ulizifanya habari za Biblia kuwa tenzi. Katika vijiji vya Wakurya, kadhalika, mpiga litungu hujifunza kwa kukaa karibu na mpigaji mkubwa, kuangalia vidole vyake na kuvirudia. Anayejifunza hivyo huitwa mwanafunzi. Mchoraji akifanya hivyo, huitwa mwigaji.

Hoja nzito ya wapinzani inahusu soko, nayo inastahili kujibiwa kwa heshima. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru, alianza mnamo 1968 jijini Dar es Salaam kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya mafuta ya mikebe, ileile ya madirisha, juu ya vibao vya silingibodi. Alipigwa risasi na polisi mnamo 1972 kwa kudhaniwa mhalifu, akafa kabla kazi yake haijatimiza miaka mitano. Jamaa na wanafunzi wake walikuwa wamejifunza kwa kufuatisha kazi yake, na mnamo 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo, husema wapinzani, tazameni matokeo: tembo yuleyule, twiga yuleyule, machweo yaleyale, kibanda baada ya kibanda. Je, huo si ushahidi kwamba kunakili huua?

Jibu ni kwamba mfano huo unathibitisha kinyume chake. Tingatinga aliyanyosha mafunzo yake kwa wanafunzi kwa njia ya kunakili, na bila njia hiyo kazi yake ingezikwa pamoja naye. Kilichokuja kuichosha baadaye ni haraka ya mnunuzi. Anayenakili ili ajifunze huacha picha pindi picha ikiisha kumpa ilichonacho, akatafuta nyingine ngumu zaidi. Anayenakili ili auze hawezi kuacha, kwa kuwa mnunuzi amesimama mlangoni anataka ileile. Wa kwanza anaongozwa na bwana aliyemzidi. Wa pili anaongozwa na mteja asiyejua. Kuwahukumu wote wawili kwa neno moja ni kukosa kuona.

Na hapa ndipo katazo linapoonyesha madhara yake hasa. Hakuna aanzaye pasipo kuiga. Kijana anayezuiwa kunakili kazi kubwa hatabaki mtupu. Atanakili kile kilicho mbele ya macho yake, yaani kalenda, tangazo la soda, na tembo wa vibanda vya watalii. Ni kama kijana wa ushairi asiyesomeshwa watungaji wa kale: haachi kuiga, ila huiga matangazo ya redio. Katazo haliondoi mwigo. Linaondoa mifano mizuri na kuiacha mibaya. Ajabu zaidi, mtoto wa Machochwe huambiwa achore "kitu chake", na kitu hicho wengine wamekwisha kumwamulia: mnyama wa Serengeti anayependeza. Ilhali katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, tembo ni kiumbe anayeingia shambani usiku na kuacha mabua yaliyolala. Tembo huyo hachekicheki. Kumchora kunataka kujua namna ya kuutia uzito wa mwili gizani, na elimu hiyo haipatikani kwenye kibanda cha zawadi.

Wako pia wanaojificha nyuma ya msemo wa yule aliyemwiga tembo akapasuka msamba. Msemo huo unamwonya mtu anayejitakia ukubwa asio nao kwa siku moja. Haumkatazi mtoto wa tembo kumfuata mamaye. Na ama wale wanaochelea kuchora viumbe vyenye roho kwa sababu ya dini, hiyo ni hoja ya wanazuoni, ina milango yake mingine, na haihusiani na swali la kuiga.

Basi anakili nini? Mfano mmoja utatosha, nao unawahusu watu wa visiwani na watu wa ziwani kwa pamoja. Mnamo Julai 1816 merikebu ya Kifaransa iitwayo Méduse ilikwama kwenye fungu la mchanga mbali na pwani ya Mauritania. Nahodha wake alikuwa amepewa cheo kwa upendeleo wa watawala, baada ya miaka kama 20 ya kutokwenda baharini. Mashua hazikutosha. Watu wapatao 147 walipakiwa kwenye chelezo lililoundwa kwa mbao za merikebu, kisha kamba ikakatwa, wakaachwa. Baada ya siku 13 waliookotwa hai walikuwa 15. Théodore Géricault, kijana wa miaka 27, aliichora habari hiyo mnamo 1818 na 1819, katika turubai yenye urefu wa mita 4.91 kwenda juu na upana wa mita 7.16. Aliwahoji walionusurika, akatengenezewa mfano wa chelezo, akaenda hospitalini kutazama rangi ya wagonjwa na ya maiti. Nayo elimu ya mkono aliipata wapi? Kwa miaka kadhaa kabla yake alikuwa Louvre, akiwanakili akina Rubens na Titian.

Mtu akiitazama picha hiyo kwa dakika mbili ataona msiba. Akiinakili kwa miezi miwili ataona jinsi msiba ulivyojengwa. Ataigawa chapa yake katika miraba, na turubai yake katika miraba mikubwa zaidi, aanze kwa mkaa. Hapo atagundua kwamba ule mkanganyiko wa miili una mpango. Miili inapanda kutoka kwa maiti walio chini kushoto hadi kwa mtu anayepunga kitambaa juu kulia, na upepo uliojaza tanga unawavuta kinyume cha matumaini yao. Atagundua kwamba meli wanayoipungia ni kidoa tu kwenye upeo wa macho, na kwamba udogo wake ndio unaouma. Na atagundua kwamba anayesimama juu ya wote, kwenye kilele, ni mtu mweusi. Aliyekaa mbele ya Géricault ili achorwe alikuwa Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, nchi iitwayo leo Haiti. Mwalimu anayehofia kwamba mtoto atajipoteza katika picha za Ulaya hajui kwamba mtoto huyo anangojwa humo.

Kisha itakuja elimu ya rangi, ambayo haielezeki kwa maneno peke yake. Rangi ya mafuta haikauki kama ya maji. Haikaushwi na jua kunyonya unyevu, bali mafuta yenyewe hushika hewa na kugeuka ngozi, polepole. Kwa hiyo tabaka za chini huwa nyembamba na zenye mafuta machache, na za juu ndizo hunenepeshwa. Anayegeuza utaratibu huo ataona picha yake ikipasuka. Atajifunza kwamba ngeu na masizi vikisagwa vizuri na mafuta ya kitani hutoa joto na kiza cha kutosha kwa nusu ya picha ile, lakini chaki hupoteza weupe wake ndani ya mafuta, na nyeupe ya kweli haina budi kununuliwa. Atajifunza kwamba rangi ya mkebe hung'aa na kukauka upesi mno kwa mchanganyo wa taratibu, na kwa hiyo atatambua kwa nini Tingatinga, mtu mwenye akili, aliiacha iwe tambarare. Mtoto anayejua hayo hamdharau Tingatinga. Anamwelewa kwa mara ya kwanza.

Hata kosa la bwana mkubwa litamfundisha. Géricault alitumia rangi itokanayo na lami ili apate weusi mzito. Ilipendeza siku ya kwanza, lakini haikukauka sawasawa. Imejikunja na kupasuka, na picha imezidi kuwa kiza. Mnamo 1859 na 1860, hali yake ilipotia shaka, wachoraji wawili wa Kifaransa, Guillemet na Ronjat, waliinakili kwa ukubwa wake wote, na nakala hiyo iko katika jumba la makumbusho la Amiens. Kazi iliyofanywa na mtu aliyefunzwa kwa kunakili imelindwa kwa kunakiliwa. Kijuma angelielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Na faida yake kwa Mara, kwa Unguja, kwa Pemba? Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza pamoja na mamia ya watu. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, ikiwa imepakia kupita kiasi. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, nacho kimejaa kupita uwezo wake, wakafa watu zaidi ya 200. Tofauti ya miaka na maji haifichi kufanana kwa visa hivi na kile cha Méduse: chombo, mzigo, mwenye dhamana, na watu wa kawaida ndani ya maji. Washairi wameomboleza, na ndiyo kazi yao. Lakini ombolezo la rangi, lenye kusimama ukutani na kumkodolea macho kila mwenye cheo anayepita, linamtaka mtu anayejua kuipanga miili 20 katika turubai moja bila kuifanya kuwa rundo. Mtu huyo hazaliwi akijua, na hatafundishwa na kalenda.

Asemaye kwamba uchoraji wa historia si jadi ya watu hawa, na amkumbuke Tshibumba Kanda Matulu wa Katanga. Mnamo 1973 na 1974 alimchorea mtaalamu Johannes Fabian historia nzima ya Zaire, picha zaidi ya 100, juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akieleza kila moja kwa Kiswahili cha Shaba. Wachoraji wa huko waliziita picha za namna hiyo ukumbusho, na walizirudia tena na tena, kwa kuwa kila nyumba ilitaka yake. Lumumba aliyefungwa mikono aliingia sebuleni mwa watu kwa njia ya nakala. Serikali ya wakati ule isingaliandika historia hiyo hivyo. Wanakili waliiandika.

Masharti ya kunakili kwa haki si mengi. Mwanafunzi achague kazi ya mtu aliyekwisha kufa zamani. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 huilinda kazi kwa miaka 50 baada ya kufa mwenyewe, na Géricault alifariki mnamo 1824. Ukubwa wa nakala usilingane na wa asili. Jina la bwana liandikwe nyuma, na lake chini yake, na neno "nakala" lisikosekane. Akiuza, auze kama nakala. Na akimaliza moja, aanze nyingine iliyo ngumu zaidi, hata siku atakapojikuta anabadili kitu bila kukusudia, kwa sababu mkono wake umeona njia iliyo bora. Siku hiyo haitangazwi na mwalimu, wala haiwezi kuharakishwa kwa katazo.

Kinachodaiwa kwa wakubwa nacho si kikubwa. Badala ya kuwaandalia vijana warsha ya siku tatu na cheti, na ichapwe albamu moja ya picha 20, kwa rangi sahihi na karatasi nzuri, ipelekwe katika shule za sekondari za kata: michoro ya miambani ya Kondoa, Ntiro, Tingatinga, Tshibumba, na pamoja nao Rubens, Géricault na Van Gogh, bila kutenga wenyeji na wageni katika kurasa mbalimbali. Chini ya kila picha yaelezwe kwa Kiswahili safi vipimo vyake, rangi zake na utaratibu wa tabaka zake. Na walimu waambiwe wazi kwamba mwanafunzi aliyenakili kwa uaminifu apewe alama kwa uaminifu wa jicho lake, si sifuri kwa kukosa ubunifu.

Washairi wa mwambao wana wajibu wa kulisema hili kuliko wengine, kwa maana wao ndio mashahidi. Kila mmoja wao alianza kwa daftari la beti za watu wengine, alizozinakili usiku ili azipate kwa moyo. Wakinyamaza mbele ya mwalimu anayempokonya mtoto wa Machochwe chapa yake ya Géricault, watakuwa wamelikana daftari lile. Mrudishieni chapa yake, mpeni nyeupe ya kweli na mafuta ya kitani, na mwacheni anakili.